Saa ya Mkwe Inadanganya, na Jumapili Ndege Inaruka

Kwako Bibi Sijaona, mshauri wetu,

Baada ya salamu naomba msaada, na unisaidie upesi kabla Jumapili haijafika, na tafadhali jina langu ulifiche. Mi ni fundi wa moteri hapa Buyenzi, na huu ni mwaka wa pili mimi na rafiki yangu Cirimwami, seremala aliyekimbia vita vya Kongo akahamia kwetu, tunajenga ndege ndogo ya mtu mmoja uani kwangu, yeye mbao na kitambaa, mimi moteri, ya lile gari dogo la Koksineli, silinda nne, na yeye ndiye atakayeirusha maana alijifunza kurusha huko kwao, na watu walitucheka mpaka wakachoka na sasa wote wanataka kuja Kajaga, tutakakoirushia Jumapili, kutazama.

Shida yangu ni saa ya mizunguko, ile Wafaransa wanaita compte-tours, maana mrushaji lazima ajue moteri inazunguka mara ngapi kwa dakika, akiwa juu hana pa kuegesha aifungue aitazame. Cirimwami tangu mwanzo alitaka saa ya kabo, yaani kamba ya chuma inayochukua mzunguko kwenye moteri yenyewe, nyuma ya pampu ya oili, haigusi umeme wala nini, na mi nilikuwa nakubali, lakini baba wa mke wangu, Mzee Sulemani, akasikia tunatafuta saa, akaifungua ya kwenye gari lake mwenyewe, lile la silinda sita ambalo hata mvua haruhusu iliguse, akaniletea imefungwa kwenye kitambaa cheupe, akasema, "Mkwe wangu, sasa ni ndege yetu." Bibi, wewe ungesema nini? Nikashukuru, nikaifunga. Hiyo haina kabo, ina waya unaokwenda kwenye bobini, kile kifaa kinachozalisha moto wa plagi, na kuhesabu cheche za moto.

Cirimwami akaniuliza mbele ya mzee, "Massoudi, we uko na hakika na hii saa?" nami nikajibu saa ya mkwe wangu haisemi uongo. Tukawasha, tukaipa gesi yote, saa ikaonyesha chini ya elfu mbili wakati mchoro unataka elfu tatu, Cirimwami akasema, "Moteri iko nachoka, elisi ni nzito," akalikwangua lile panga la mbao la mbele, kazi ya siku nyingi, na saa ikapanda kidogo tu, na anataka kukwangua tena mpaka isome elfu tatu.

Juzi ilinyesha, nikaingiza ndege karakanani, nikafunga mkia kwenye nguzo nikawasha moteri peke yangu chini ya ile taa ndefu ya neoni, na mshale ulipofika elfu mbili nikaona elisi imesimama, mapanga mawili, kimya, na huku upepo wake umenitupia kofia ukutani. Nilijifunza shuleni kwamba taa ile haiwaki mfululizo, inapepesa na umeme mara mia kila sekunde, na elisi ya mapanga mawili ikionekana imesimama hivyo basi inazunguka elfu tatu. Elfu tatu, Bibi! Hapo nikakumbuka silinda sita. Saa ile imezoea kupewa cheche tatu kila mzunguko, moteri yangu inatoa mbili. Moteri haijachoka hata kidogo. Cirimwami akikwangua mpaka saa iseme elfu tatu, kweli yake itakuwa elfu nne na mia tano, na moteri hii haiwezi, itapasuka naye yuko juu.

Sijamwambia. Nikimwambia atakwenda moja kwa moja kwa mzee, namjua, hana breki mdomoni. Na mzee ameshatangaza msikitini kwamba ndege inaruka kwa saa yake. Mke wangu Zubeda nimemdokeza, akasema, "Ukiifungua saa ya baba mbele za watu umemvua kanzu, na mimi usinitafute." Nimewaza nipake alama nyekundu kwenye elfu mbili, nimwambie Cirimwami asivuke hapo, nisieleze kwa nini, mambo yaishe. Je, nifanye hivyo? Au nichague kabo nivunje nyumba? Silali.

Massoudi, Buyenzi

JIBU

Massoudi mwanangu, pole. Nimekuonea huruma mpaka ulipofika kwenye rangi nyekundu, hapo huruma ikaniisha.

Kwanza, unaniomba nifiche jina lako. Hivi mjini hapa kuna watu wangapi wanaojenga ndege uani? Hata nikikuita Odette watu watakujua.

Sasa twende kwenye saa. Mi moteri siijui, gari lenyewe napanda kwa bismillahi, lakini kusoma najua. Umeniandikia kwamba kabo haigusi umeme na inachukua mzunguko wa moteri yenyewe. Kwa ile nyingine umeniandikia kitambaa cheupe. Sasa unauliza uchague nini? We umeshachagua, unatafuta mtu wa kukushika mkono tu. Na kuna jambo hukuliandika, nimelisikia kwa fundi wa hapa jirani: ule waya wa kwenye bobini ukichubuka ukagusa chuma, moto unazimika na moteri inanyamaza. Fundi kama wewe hukulijua? Ulilijua. Ulinyamaza hilo pia.

Na alama nyekundu, apana! Maana yake itakuwa kichwani mwako, na kichwa chako kitakuwa chini kwenye majani, kinapiga makofi. Cirimwami akihitaji nguvu kidogo aruke juu ya miti ataivuka, maana kwake elfu mbili ni moteri iliyochoka. Mtu amekuacha umfungie moteri na yeye akae nyuma yake. Unamlipa kwa rangi? Mficha maradhi, kilio kitamfichua, na kilio hicho kingekuwa cha mke wa mwenzio.

Zubeda nitamwambia mwenyewe. Binti yangu, kanzu ya baba yako haivuliwi na bisibisi. Jumapili ndege ikianguka na saa yake ndani, hapo ndipo utakapotafuta pa kumficha uso.

Basi sikiliza. Waya utoke, na kabo ifungwe pamoja na saa iliyotengenezwa kwa kabo hiyo, uipime chini ya taa ile ile kabla hujamwamini mtu, hata wewe mwenyewe. Kamba ifungwe kuzunguka elisi mtu asiisogelee, kitu kinachoonekana kimesimama na hakijasimama kinakata mikono. Ndege isiruke mpaka elisi mpya ichongwe, kama ile mliyoikwangua imeharibika. Jumapili zipo nyingi.

Mzee Sulemani usimpelekee mshenga, wala usimwambie mbele za watu. Kabla hujaifungua saa, mchukue karakanani peke yake, mwashie taa na moteri, aone kwa macho yake. Mwambie, "Baba, saa yako ni nzima, nimeifunga pasipo pake, kosa ni la fundi," maana ndiyo kweli. Irudishe kwenye gari lake kwa mkono wako. Alikupa binti, Massoudi. Hakukupa ili umwogope.

Kuhusu Cirimwami sikukungojea. Siri za nyumba za watu nimezitunza miaka yote ya kazi hii, lakini hii si ya nyumba. Leo Alhamisi asubuhi nilikwenda Kanyosha anakofanyia kazi nikamkuta anapiga randa. Nilipomaliza kumweleza alikaa chini kwenye maranda, halafu akasema, "Mama, kesho ningekwangua tena." Hakukutukana. Aliniuliza swali moja tu, umejua tangu lini. Sikumjibu, hilo ni lako, nenda ukamjibu.

Jibu hili nimekutumia kwa mkono, limekufikia wino haujakauka. Kwa hiyo umebaki na mkweo. Namfahamu Mzee Sulemani, gazeti hili analinunua mwenyewe na anaanza na ukurasa wangu. Linatoka Jumamosi asubuhi.

Bibi Sijaona