Kosa Liko Wapi?

Dada yangu,

Salamu kwanza. Mama hajambo, goti limepata nafuu, na bomba la jikoni linavuja vilevile ulivyoliacha. Sasa nikupe habari za mumeo, maana najua yeye hatakwambia.

Unakumbuka alivyonicheka mbele ya walimu wenzangu, kwa kuwa ndiye mkuu wa idara, eti nafundisha uuguzi kwa visinema vya simu? Unajua pia katika kila video naweka kosa moja la makusudi, na mwisho nauliza, "Kosa liko wapi?" Anayelipata anaongezewa alama.

Basi shemeji kaiba video yangu ya moyo. Kakata sura yangu, kakata na lile swali la mwisho, kayasoma maneno yangu vilevile kwa sauti yake. Juzi akaifundishia mtandaoni, wakuu wa chuo wamekaa ukumbini wanatazama. Mimi nilikuwa nyuma yake. Neno moja lingemwokoa. Nikatulia kama maji ya mtungini.

Sauti yake ikasema damu ya mapafuni huingia moyo upande wa kulia. Skrini ikajaa ujumbe wa wanafunzi: "Kushoto, mwalimu! Kosa tumeliona!"

"Kosa gani?" akafoka. "Hii nimeiandaa mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho!"

Makamu mkuu wa chuo, daktari bingwa wa moyo, akavua miwani taratibu.

Uliniambia nivumilie, ni mumeo. Nimevumilia, dada, sikufungua mdomo. Jumamosi akija huko unakofanyia kazi amenuna, mpe chai, kisha umwulize kwa upole: kosa liko wapi?

Mdogo wako,
asiye na kinyongo