Nimezingirwa na maji na mama mkwe

Bernardo, nimekwisha. Niko kisiwani na mama mkwe. Wawili tu!

Ile nyumba ya mapumziko kule mtoni, ya kujipikia wenyewe, iliyojengwa enzi za Ujamaa. Mama mkwe alihamishiwa hapa mwaka 1974, akataka apaone tena. Asubuhi tulivuka kwa miguu, maji ya vifundoni. Mke wangu akarudi ng'ambo kununua chumvi. Chumvi tu, Bernardo! Mto ukajaa, hawezi kuvuka.

Unajua sisi, mkwe hata macho humwinulii. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja na jiko. Amejifungia chumbani tangu saa nne. Mimi nimekaa jikoni, nimeupa mlango wake mgongo kama mtoto aliyeadhibiwa.

Saa tisa nikaamua kusonga ugali. Ukaungua. Moshi nyumba nzima.

Ndipo akaongea nyuma ya mlango: "Mkwe wangu, mwaka ule maji yalikaa siku nne."

Siku nne!!

Nikauambia ukuta, "Sawa, mama."

"Sasa toka hapo jikoni nipite. Choo kiko nje. Heshima nimeiweka tangu asubuhi, lakini na mimi nina mwili."

Bernardo, nilikuwa nimekaa njiani siku nzima. Nilitoka mbio, hata kofia nimeiacha.

Amesharudi. Ameshika mwiko, ananipikia, namsikia anacheka peke yake.

Mvua inanyesha. Yeye yuko jikoni, na sasa mimi ndiye siwezi kuingia.