Kilima cha Kura

Jumapili

Ati "Kilima cha Kura"! Ndilo jina walilokibandika jioni hii kwenye ramani ya simu, ile ambayo waendesha baiskeli wote huangalia.

Njia ya Wamagana hadi Kiriaini niliitafuta mimi, kona kwa kona, ndio wageni wa Nairobi wapite kwenye lami nzuri katikati ya mashamba ya chai. Leo niliwaongoza. Tulipofika chini ya ule mwinuko mkali nikawatia moyo: "Pandeni pole pole, huko juu tutakura!"

Nilitaka kusema tutakula. Walicheka hadi wengine wakashuka baiskeli. Wambui, kiongozi wao, akaniuliza, "Tutampigia nani kura, Ndirangu?" Na yeye ni Mgikuyu kama mimi! Nikacheka pamoja nao. Hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Mimi nilitaka kukiita kilima hicho jina la Baba. Alikipanda akisukuma baiskeli iliyobeba gunia la kahawa, sisi watoto tukisukuma kwa nyuma. Tukifika juu alitoa viazi vitamu mfukoni na kutuambia, "Kujeni tukure."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa na njaa.