Mkia wa Mchoro wa Kisima cha Sita

Jumatatu, 4 Machi
Leo tumefunga kisima cha sita cha gesi. Kipimo kiko chini kabisa, kinatuletea kwa waya vipimo vya presha ya gesi jinsi inavyopanda. Sasa kazi ni kungoja — na hapa hakuna anayejua kungoja! Mwamba huu umejaa nyufa, ukiuharakisha unakudanganya. Nimeomba wiki tatu. Bosi Turdiqul kaniuliza kama naatamia mayai.

Jumanne, 12 Machi
Mchoro wa presha ulikuwa umelala vizuri, leo mkia, ule mwisho wa mstari, umeanza kuinuka. Sipendi. Huenda huko mbali mwamba umebana tu, gesi ipo ila inapita kwa shida. Au kuna ukuta kila upande: gesi imefungiwa kichumbani, itaisha kabla rangi ya kiwanda haijakauka. Mwanzoni mikia hiyo miwili inafanana. Dawa ni subira tu.
Na kiwanda hicho cha gesi kitajengwa Oqtut, kijijini kwa shangazi Oysuluv. Kijiji kizima kihame!

Jumatatu, 18 Machi
Wamekifungua kisima! Wakubwa wanakuja sikukuu ya Navruz, wanataka kuona moto wa gesi. Mkia umekatwa palepale ulipoanza kusema. Nimemsihi bosi anipe wiki moja tu. Hakukasirika, afadhali angekasirika.
"Mdogo wangu, wewe mwenyewe umesema mchoro unasomeka njia mbili. Basi soma ile ya heri, utie sahihi kwenye ripoti."
Si uongo. Ndiyo maana inauma.

Alhamisi, 21 Machi
Navruz. Moto, ngoma, uji wa ngano wa sumalak bakulini. Watu wa Oqtut wamepiga makofi. Nimeona aibu. Sahihi sijatia — bosi anaitaka Jumatatu.

Jumamosi, 23 Machi
Nimekuja Oqtut kumwambia shangazi asikubali kuhama kwanza. Nimemkuta uani na shoka. Mizabibu ya marehemu mumewe iko chini, tanuri ya mkate kaibomoa. Nikauliza nani kamlazimisha. Hakuna. Bosi alipita tu, akatangaza kwamba aliyekisoma kisima ni mimi.
"Wenzangu walikuwa wanagoma," kasema shangazi. "Nikawaambia, huyu ni mwanangu, hawezi kutuhamisha bure. Nikaanza mimi, ili wapate moyo."
Niliinama nikamkusanyia matawi, nilichojia sijakisema.
Naandika kwenye kitanda cha uani. Kwa jirani nako shoka linalia, na kwa jirani wa pili. Shangazi kabakiza mzabibu mmoja, ule mnene wa mlangoni. Ananiita nimshikie shina, aukate —