Duka Lilikuwa Kushoto

Mhairi, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Leo mchana kwenye kikao chetu cha picha za kale za mji wetu wa Forfar, nimeonyesha ule uchochoro uliobomolewa nyuma ya kanisa. Mzee Wattie akasimama: "Duka la mama la bridi, ile mikate ya kujazwa nyama, lilikuwa kushoto. Mbona hapo liko kulia?"

Na mimi na mdomo wangu! "Mzee, bridi umekula, njia umesahau?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Yeye hakucheka. Akaketi, akamwambia binti yake Una, "Basi ni kweli. Akili inaniaga." Unajua Una anavyombembeleza tangu Krismasi ahamie makao ya wazee, naye anakataa, anasema kichwa chake kizima.

Walipoondoka nikaikuza ile picha. Mhairi, maandishi ya mkokoteni pembeni yanasomeka kinyumenyume! Kinyumenyume! Picha ile ya kale imo kwenye kioo, nami nilikiweka kioo mgongo mbele nilipoinakili. Duka lilikuwa kushoto. Kushoto, kama alivyosema!

Nikakimbilia kwao. Una akafungua, macho mekundu: "Amekubali kuhama. Kasema mwenyewe."

Nikampa mzee picha niliyoigeuza. Akaugusa mlango wa duka la mama yake kwa kidole. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Nilikuwa najua, binti, mpaka uliponicheka. Una, sihami! Na wewe, radhi ya sebuleni siitaki. Umenicheka ukumbini, utaniomba ukumbini."

Basi nitamwomba Alhamisi, kwenye kikao kijacho. Njoo ukae mbele nikuone, Mhairi. Sina hata utani mmoja wa kuanzia.