Bahari Iwe Kulia

Jumatatu, 4 Machi
Bila mimi mji huu ungekuwa umeshaanguka baharini. Mainjinia wa barabara ya bandarini waliniuliza mimi waipitishe wapi! Nikawaonyesha kwa kidole tu. Leo dada kapiga simu. Bintiye ana usaili Alhamisi asubuhi, kampuni ya mizigo ya meli, katikati ya mji. Mwaka mzima binti hana kazi, na akichelewa hawampokei. Dada anaogopa atapotea. Nikamwambia, dada, lala usingizi, huko kati nakujua kama kiganja changu, nitampeleka mwenyewe. Fundi cherehani jirani akakohoa. Kikohozi cha dharau — nakijua!

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kukagua njia. Si kwamba sijui. Kukagua! Kondakta wa basi eti ruti hiyo ilikufa zamani, mzee, shuka, panda lile jingine. Mzee nani? Nikashuka kwa hasira, kituo si changu. Haidhuru. Kanuni yangu ni moja: bahari iwe kulia, hupotei. Nikatembea. Benki, kinyozi, duka la magodoro. Bahari kulia. Maghala, mafundi simu, tena... duka la magodoro! Nikazunguka upya, bahari kulia ile ile. Magodoro! Mama mwenye duka: baba, unanunua au unatufanyia doria? Kinyozi akacheka hadi akashika ukuta. Mji wenyewe umeingia majini kama ulimi, bahari huku, bahari kule. Nani kaupanga upuuzi huu? Wangeniuliza!
Nimerudi kwa pikipiki. Fundi nimemwambia nilitaka upepo.

Jumatano, 6 Machi
Miguu imevimba. Mpwa kafika. Shikamoo mjomba, njia umeiona? Nikamfokea. Njia ndiyo inayoniona mimi!

Alhamisi, 7 Machi
Nitapasuka! Tumeshuka mapema, mpwa kavaa viatu vya kuazima. Mjomba, tuulize, kuuliza si ujinga. Nikasema mwenye mji haulizi mjini. Bahari kulia, twende! Jua likapanda. Viatu vikamchubua. Tukatokea wapi? Magodoro! Yule mama anapiga makofi: baba doria, leo umeleta na askari! Mpwa hakucheka. Machozi yanamlenga. Akaniacha pale kama mzigo, akamwuliza. Mama akanyoosha kidole juu. Ofisi iko ghorofani. Juu ya duka lake hilo hilo! Mpwa akavua viatu, akapanda ngazi mbio.
Hajashuka mpaka sasa. Sijui wamempokea au wamemkalisha kwenye benchi tu. Dada anapiga simu, sipokei. Nimekaa juu ya godoro la maonyesho, nailoni haijatolewa, kila nikifura kwa hasira linalia kwiii. Mama anauliza, si uende nyumbani baba, binti atakuja mwenyewe? Namjibu, mimi simwachi mtoto wa dada yangu!
Simwachi, ndiyo. Lakini pia basi la kurudi... sijui linapandiwa wapi.