Mbuzi ya Mahari Kwenye Fonie

Mama Masika wangu,

Huku Kisangani mvua asubuhi, sahani ya pondu mchana, foleni siku nzima. Pesa ulizotuma nusura zirudi Butembo! Karani wa ajensi alitazama kitambulisho changu, akatikisa kichwa: "Papa, tangu vita wezi ni wengi. Tunazuia kwanza." Nikamlilia kwamba ndege ni kesho, na barabara imefungwa na askari. Bon, akawasha fonie, redio yao ya kuitana na huko, akakuomba uniulize jambo la nyumbani. Sauti yako ikajaa chumba kizima: "Nani alifungulia mbuzi ya mahari ikatoroka, weye ao kaka yangu?"

Nikaogopa kudanganya mbele ya karani, nikajibu: "Ni miye."

"Muzuie! Ule ni mwizi! Bwana yangu hajawahi kukubali kosa!"

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja muuza samaki akaninong'oneza: "Papa, kataa tu!" Nikanyakua fonie: "Ni kaka yako, na unajua!"

"Ndiye huyo," ukasema. "Mumupe."

Nakuletea samaki wa wavuvi Wagenia, na hamu yote niliyo nayo. Msalimie kaka yako. Mwambie nimemsamehe kwa ile mbuzi.

Papa Masika